Bibi Harusi Mtarajiwa na Uji wa Tamthilia

Leo nusura mwanangu akose mke kwa sababu ya kazi yangu.

Mnanijua. Miaka ishirini kwenye tamthilia mimi ni mama mkwe mwenye roho mbaya. Sijawahi kupewa hata nafasi ya jirani mwema.

Asubuhi nimeenda mtaa wa Gerezani na dada yangu kumposea mwanangu Hamisi mchumba wake. Nimejitanda khanga mpya, adabu tele.

Nikamwamkia bibi wa binti, "Shikamoo."



Akanitazama weee, kisha akamwambia mjukuu wake, "Zuhura, huyu ndiye aliyemtilia mkwewe sumu kwenye uji. Kwake huendi."

Dada yangu kainamia mkeka, anacheka. Yaani msaada hakuna.

Nikasema, "Bibi, yale ni maigizo tu. Yule binti ni mzima."

"Nilimwona akizikwa."

Ikabidi nimpigie marehemu simu ya video. Akatokea yuko saluni Msimbazi, rola kichwani, anatafuna muhogo.

Bibi akaishika simu kwa mikono miwili. "Pole sana mwanangu. Huyu mama anakutesa?"

Yule mshenzi akafikiria kwanza. "Kidogo tu, bibi."

Posa imepokelewa, alhamdulillah. Ila nimepewa sharti kwamba siku ya harusi nisisogelee masufuria ya pilau. Nilipompigia Hamisi kumweleza, akasema bibi ana haki.

Sasa niambieni ukweli, hapo nimesifiwa au nimetukanwa?