Filamu ya Treni Tuliyoonyeshwa Tukingoja Treni

Filamu ile niliiona mara moja tu, na mpaka leo nasema ni filamu mbaya. Mjukuu wangu mmoja aliitafuta kwenye simu nilipomweleza, akaipata, akaniambia, "Nkambo, hii ni filamu kubwa ya zamani, watu wanaisifu dunia nzima. Ukiiangalia, roho inapanda mpaka kwenye koo." Nikamjibu kwamba roho yangu mwaka ule ilikuwa imeshapanda kwenye koo miezi mingi. Haikuhitaji msaada.

Tulionyeshwa katika shule ya msingi iliyo karibu na stesheni ya Kolwezi. Hatukuwa pale kusoma. Mi mwenyewe shule niliiacha darasa la nne, na sikutegemea kurudi darasani nikiwa na watoto wanne, masufuria na godoro. Tulikuwa pale kwa sababu kazi ya migodi ilikuwa imeanguka, posho ilikuwa imekatika, na wakubwa walipokosa la kuwaambia watu wakawaambia kwamba mwenye makosa ni mtu wa Kasai. Mume wangu alikuwa mtu wa Kasai. Yaani baba yake ndiye aliletwa kutoka kule, akiwa kijana, kuja kuchimba shaba. Mume wangu alizaliwa Kolwezi, katika kambi ya wafanyakazi, akakua Kolwezi, akatengeneza magari makubwa ya mgodi wa Mashamba mpaka vidole vyake vikawa havitoki mafuta hata kwa sabuni. Kasai hakuwahi kuiona hata kwenye picha. Wakamwambia arudi kwao.

Mi baba yangu alitoka kaskazini mwa Katanga. Kwa hiyo mi nilikuwa wa hapa na mume wangu hakuwa wa hapa, na tulikuwa tunalala kitanda kimoja. Kaka zangu walikuja kunishauri. "Dada, we baki. Ule aende na mama yake." Niliwashukuru kwa kunitembelea, nikawafungulia mlango watoke.

Pale shuleni tulikaa tukingoja treni ya Kasai. Kila asubuhi mkuu wa stesheni alisema itakuja kesho, na alisema kwa adabu. Vijana waliokuwa wanatuita bilulu, yaani wadudu, walipita barabarani wakiimba, na kila siku walipita karibu zaidi. Jirani yetu aliyelala katika chumba cha darasa la pili alirudi nyumbani kwake mchana kuchukua cherehani yake. Hakurudi, wala cherehani haikuonekana. Tangu siku hiyo nilijua hesabu yetu ilivyo: treni ikija, mume wangu lazima apande. Akibaki, atabaki kama yule wa cherehani.

Naye alikuwa ameshasema neno lake: hapandi bila mama yake.

Sasa ndipo padre wetu alipopata wazo. Alikuwa mtu mwema, na mara nyingi shida zetu zilitoka kwa watu wema. Aliona tumekaa tumeshika mashavu, akasema hawa watu wanahitaji kuchangamka. Alikuwa na mashine ya kuonyeshea filamu na jenereta ndogo. Filamu zake zote zilikuwa zimeibwa siku mji ulipoporwa. Ilibaki moja, labda kwa sababu kopo lake lilikuwa na kutu. Hakuikagua kwanza. Siku ya Jumapili mchana wakafunika madirisha ya darasa kubwa kwa mablanketi yetu, tukajazana humo watu zaidi ya mia, kila mtu na jasho lake, na padre akawasha.

Ilikuwa filamu ya treni.

Treni imebeba mapipa ya petroli. Inapita milimani, katika nchi ambayo sikuifahamu, na msitu unawaka moto pande zote mbili za reli. Ndani kuna mashinisti, ndivyo tunavyomwita mtu anayeendesha treni, na mwenzake wa kutia makaa, na mwanamke aliyejificha katika behewa la mwisho. Basi. Mbele kuna daraja la mbao ambalo limeoza. Unakaa saa mbili ukingoja wafe.

Filamu ilikuwa ya Kifaransa, kwa hiyo katekista alisimama kando ya shuka lililotundikwa kupokea picha, kutufasiria. Desturi hiyo tuliizoea tangu zamani: picha inatembea, mtu anaeleza. Lakini siku hiyo alieleza kwa Kiswahili, halafu akarudia kwa Kiluba kwa ajili ya wazee, na picha haikumngoja. Alichelewa. Daraja lilipovunjika na behewa la mwisho likaanguka mtoni, sisi wenye macho tukapiga kelele, na yeye bado alikuwa anaeleza jinsi mashinisti alivyomuaga mama yake.

Mama mkwe wangu hakuwa na macho. Yalikuwa yamefunikwa na wingu jeupe, aliona mwanga na vivuli tu. Yeye filamu yake ilikuwa ile ya katekista. Na katekista, kwa kuwa hawezi kuona watu mia wamekaa kimya bila kuwahubiria, aliongeza mambo. Mashinisti wa picha alikunywa funda moja kutoka kwenye chupa, nadhani alikuwa anakohoa. Katekista akasema, "Muone! Ule mutu ni mulevi! Alikunywa kabla ya kutoka nyumbani, na sasa bantu yote bitakufa juu ya chupa yake!" Mwishoni treni iliingia katika shimo la mlima, moshi ukajaa, na picha ikaisha hapohapo. Tuliokuwa na macho tukabaki tunabishana kama walitoka au hawakutoka. Katekista akawaambia wazee kwamba walikufa wote, na kwamba tuache pombe.

Padre aliwasha taa, akatutazama nyuso, na nadhani ndipo alipokumbuka tulikuwa tunangoja nini pale.

Siku mbili zilizofuata hakukuwa na mazungumzo mengine. Watu ambao hawakujua watakula nini jioni walikaa chini ya ukuta wakitoa hukumu juu ya filamu. Mzee mmoja aliyewahi kugeuza njia za reli pale stesheni alisema yote ni uongo, hakuna mtu anayeruhusu mapipa yale kukaa nyuma ya kichwa cha treni. Mwanamke mmoja akamkatiza: "Tata, acha mapipa. Siku tatu mu njia, na ule bibi wa behewa alikula nini? Ulimuona na sahani ya bukari?" Wengine walisema mashinisti ni shujaa. Wengine walisema shujaa angekataa safari. Mume wangu, ambaye kwa wiki nzima hakuwa amesema maneno kumi, alieleza kwa robo saa kwamba breki za namna ile haziwezi kushika kwenye mteremko, akachora mavumbini kwa kijiti. Nilimtazama nikafurahi. Nikasema kumbe padre hakukosea.

Padre alikuwa amekosea. Siku ya tatu mama mkwe aliniita.

"We mama," akaniambia, "mi sipandi."

"Hupandi nini, Mama?"

"Treni. Nilisikia yote. Mashinisti analewa, daraja inaoza, behewa inaanguka mu mayi. Mi nitabaki apa."

"Mama, ile ni filamu. Ni bantu ya kucheza tu."

"Katekista alisema bilikufa."

"Katekista alisema pia kwamba we ukisali usingizini Mungu anakusikia. Ulimuamini?"

"Kabisa."

Nilimwambia mambo yote. Nilimwambia wale vijana wa barabarani si filamu. Nilimwambia mwana wake hapandi bila yeye, na asipopanda atauawa. Hapo akanusa tumbaku yake, akasema basi mwana wake apande, nani alimkataza. Mume wangu akaja kupiga magoti mbele yake. Mama akampapasa kichwa kama mtoto, akasema neno lilelile: sipandi. Mwanamke huyu alikuja Kolwezi akiwa bibi harusi, kwa treni, siku nyingi njiani, na aliniambia mara nyingi jinsi safari ile ilivyokuwa tamu. Filamu moja ya padre iliifuta.

Treni ilifika asubuhi ya siku ya tano, bila kutangazwa. Ilikuwa mabehewa ya mizigo, ya kubeba madini, mengine bila paa. Watu walikimbia. Na hapo niliona filamu inavyofanya kazi yake: kila mtu alikuwa anakimbilia mabehewa ya mbele, kwa sababu kwenye filamu behewa la mwisho ndilo lililoanguka. Walikanyagana mbele, na nyuma mabehewa mawili yamekaa wazi kama kanisa siku ya Jumatatu. Nikawapandisha watoto na godoro kwenye la mwisho. Nikarudi kwa mama mkwe. Alikuwa amekaa juu ya furushi lake katikati ya uwanja, na mume wangu amesimama karibu yake, mikono mfukoni, kama mtu anayengoja zamu kwa kinyozi. Nje ya uzio vijana walikuwa wameanza kukusanyika.

"Mama," nikasema, "unataka nini? Sema kitu kimoja, nitafanya."

Akafikiri. "Nataka kuongea na mashinisti."

Basi nikamshika mkono huu, mume wangu mkono ule, tukamvuta kuelekea mbele kwa treni, tukipita watu wanaopigania nafasi, mpaka kwenye kichwa. Mashinisti alikuwa ameketi kwenye ngazi ya chuma, mtu mnene, macho mekundu, shati limefunguliwa vifungo. Nikamwambia kwamba mama mkwe wangu anataka kumsalimu. Alitutazama kama watu wenye wazimu, lakini akasimama. Alikuwa na heshima.

"Jambo, mama."

"Jambo, tata. Uko na bibi?"

"Niko naye."

"Batoto?"

"Batano."

"Ulilala?"

"Kidogo, mama. Hatulali sana siku hizi."

"Unaijua njia?"

"Naijua kama nyumba yangu. Mama, reli ni moja. Hata nikitaka kupotea siwezi."

Watu waliokuwa karibu wakacheka. Mama mkwe hakucheka. Akasema, "Inama." Mashinisti akaniangalia mimi. Nikamwambia ainame. Akainama. "Pumua," akasema mama mkwe, na yule mtu mzima, mwenye watoto watano na treni, akapumua usoni mwake.

Mi nilikuwa nimesimama hatua mbili, na pumzi hiyo ilinifikia. Lutuku, gongo ya kwetu. Si ya funda moja la kikohozi. Lutuku ya usiku kucha na nyingine ya asubuhi kuiamsha ile ya usiku. Nikafumba macho. Nikasema moyoni, sasa imekwisha, amemkuta mlevi wake.

Mama mkwe akainua mkono, akapapasa kwanza shati la mashinisti, halafu akageuka upande wa mume wangu, akampapasa na yeye, bega, kola, shingo.

"Eko muzuri," akasema. "Hakunywa kitu. Tupande."

Tulimbeba mbio mpaka nyuma. Mume wangu alipanda wa mwisho, na mlango ukafungwa. Nilisikia mawe mawili yakipiga bati, kisha treni ikatembea. Nilidhani tumbaku ndiyo iliyoua pua yake, nikaishukuru tumbaku.

Safari haikuwa kama filamu. Hakuna aliyetuambia twende haraka. Tulitembea polepole hata wanawake waliweza kushuka kuchuma majani na kupanda tena. Tulipofika Tenke, stesheni ya njia panda, tulisimamishwa siku mbili, kisha wakakifungua kichwa cha treni, wakakizungusha, wakakifunga upande wa pili, kwa sababu pale njia ya Kasai inaanzia upande wa nyuma. La mwisho likawa la kwanza. Waliokuwa wamevunjana mbavu kwa ajili ya behewa la mbele wakajikuta mkiani, na walitutukana kana kwamba ni sisi tuliopanga reli.

Ni hapo Tenke, tukiwa tumekaa kivulini chini ya behewa, mama mkwe aliponiambia bila kuulizwa: "Ule mashinisti alikunywa. Sana."

"Mama! Ulinusa?"

"Mi ni kipofu. Pua iko."

"Sasa ulipanda kwa nini? Ulitusumbua siku tatu, tukakuvuta treni nzima, ukamnusa, ukamkuta amelewa kweli, halafu ukapanda?"

"Kulikuwa na mashinisti mwingine?"

Nilikuwa na maneno mengi ya kumjibu, na mi si mtu wa kuyabakiza. Lakini mume wangu alikuwa amelala pale kando, kichwa juu ya furushi la mama yake, mdomo wazi, anakoroma. Hakuwa amelala hivyo tangu vijana waandike bilulu kwenye mlango wetu kwa chaki. Nikayameza.

Mchana kichwa cha treni kikapiga filimbi, tukapanda. Treni iliposhtuka kuanza, mama mkwe akatafuta mkono wangu, akaushika. Akasema ni kwa sababu sakafu inateleza.