Utepe wa Bwana Kofia Juu ya Omena

Nina miaka kumi na saba, na nikisema "enzi zetu" mbele ya watu nitachekwa mpaka nikajifiche chooni. Kwa hivyo nasema hapa kwenye daftari, ambapo hakuna macho. Enzi zetu, na nyinyi mliokua nami hapa Muhuru Bay mtanishuhudia, wimbo ulikuwa kitu cha kushika mkononi. Ungeweza kuanguka. Ungeweza kulowa. Ungeweza kuliwa na redio, na hapo ndipo shida yangu ilipoanzia.

Tulicheza bladaa, ule mchezo wa kuruka kamba ya mpira, pale ufukweni mpaka vifundo vya miguu vikauma, tukarudi nyumbani tukinuka omena, wale dagaa wa ziwani, kuanzia nywele hadi soksi za shule, na hakuna aliyemcheka mwenzake kwa sababu sote tulinuka. Wadogo zetu wa siku hizi wakipita penye omena wanaziba pua kama wageni kutoka Nairobi. Jioni wanaila hiyohiyo na kupangusa sahani kwa kidole.

Lakini raha yetu kubwa, angalau katika boma letu, ilikuwa Jumapili baada ya kanisa. Babu yangu, ambaye hadi leo namwita Kwaro, alikuwa mhudumu wa hoteli kubwa Kisumu ujanani, na alipostaafu alirudi na vitu vitatu: tai nyeusi, trei ya bati, na kanda ya mwimbaji mmoja wa Marekani wa zamani sana. Kwenye jalada mtu huyo alikuwa amevaa suti na kofia imelalia jicho moja, kama anayejua siri yako. Sisi tulimwita Bwana Kofia. Nyuma yake walikuwa watu wengi wenye matarumbeta, saksofoni na ngoma, na wote wakivuma pamoja unahisi kama meli inaingia sebuleni.

Kwaro hakuwa anakaa. Alifunga tai, akaweka vikombe vya chai kwenye trei, akatuhudumia kwa mdundo: hatua mbili, kiuno kidogo, kikombe mezani bila tone kumwagika. "Msikilizeni," alikuwa akisema. "Huyu hakimbizi wimbo. Anauacha umfuate." Dani, bibi yangu, alijibu kutoka jikoni kwamba huyo mzungu hajawahi kuanika omena hata siku moja, ndiyo maana ana raha.

Na kila Jumapili alikuja Mzee Ojwang', jirani na rafiki wa Kwaro tangu wakiwa watoto. Ile kanda ilikuwa imewahi kukatika na kuungwa kwa gundi, kwa hivyo katikati ya wimbo wa tatu palikuwa na pengo. Bwana Kofia alikuwa akiimba vizuri tu, halafu kimya, kama amemeza inzi. Hapo Kwaro aliinua mkono, na Mzee Ojwang' akaziba pengo kwa mdomo wake: "Paa-ra-ra-paa!" Aliipiga tarumbeta hiyo mashavu yamevimba, meza ikitikisika, na Bwana Kofia akarudi kana kwamba walikuwa wamepatana. Mimi nilidhani wimbo uliandikwa hivyo. Nilidhani Marekani nzima inamngoja Mzee Ojwang'.

Sasa nafika pale ninapotaka kufunga daftari.

Nilikuwa na miaka tisa. Jumapili moja redio ilikula ile kanda. Utepe ulitoka kama utumbo wa samaki. Mzee Ojwang' alisema, "Nipe nikaitengeneze kwangu, nina gundi." Kwaro akasema hapana, angeitengeneza mwenyewe, akaiweka dirishani. Kesho yake Kwaro alikwenda Migori mapema. Dani alikuwa ameanika omena nyingi juu ya nyavu, na kunguru walikuwa wameshaanza kujipanga juu ya paa. Kwetu dawa ya ndege ni utepe wa kanda. Unaufunga kutoka mti hadi mti juu ya nyavu, unameremeta juani na kuvuma kwenye upepo, nao ndege wanaogopa kutua. Dani alikuwa na kopo la kanda zilizokufa kwa kazi hiyo. "Nyathina, mwanangu, funga utepe haraka," aliniambia. Kopo lilikuwa tupu. Na kwetu kanda iliyoliwa na redio imekufa, inakwenda kwa ndege. Ndivyo nilivyojiambia. Nikaivuta ile ya dirishani, nikaifunga yote, na ganda tupu nikalitupa.

Nataka kuandika ukweli: nilipokuwa nikivuta, nilikumbuka Kwaro alisema angeitengeneza. Nikaendelea kuvuta.

Kwaro aliporudi alikuta dirisha tupu. Hakuuliza nyumbani. Alingoja hadi Jumapili, Mzee Ojwang' alipokuja na kuketi, ndipo akasema, "Irudishe basi, hata kama umeshindwa kuitengeneza."

"Kurudisha nini?"

"Kanda, Ojwang'."

"Sijaigusa."

"Basi imeota miguu. Huo ni wizi, hata ukiufanya ukicheka."

Mimi nilikuwa nimesimama pale na trei. Nilihesabu vijiko vilivyokuwa juu yake. Mzee Ojwang' alisimama, akaacha chai yake nusu kikombe, akaondoka. Hajarudi tena kwetu. Na mimi sikusema neno. Kwaro alipita chini ya ule utepe kila siku, ukivuma juu ya kichwa chake, kahawia kama tepe nyingine zote, mpaka jua likaumaliza. Jalada tupu alilihifadhi ndani ya Biblia.

Miaka minane. Kanisani wakawa wanakaa, mmoja kulia na mmoja kushoto. Watu wengine wanaogopa mitihani. Mimi kila nilipoulizwa swali darasani nilihisi nitafungua mdomo na kitakachotoka ni kile kitu.

Likizo hii mama alinipa simu yake ya zamani. Nilichukua jalada kutoka kwenye Biblia, nikatafuta lile jina, na nyimbo zote zikaja, safi kama maji ya chupa. Jumapili baada ya kanisa nikamwekea Kwaro. Macho yake siku hizi yana ukungu, lakini mguu ulianza kupiga sakafu kabla hata matarumbeta hayajamaliza salamu. Nilifurahi. Nilifurahi mpaka wimbo wa tatu. Kwaro aliinua mkono. Bwana Kofia akapita pale bila kukatika, hana habari na mtu. Mkono wa Kwaro ukabaki juu.

"Hapo ndipo Ojwang' alikuwa akiingia," akasema. Kisha, polepole: "Nasikia Jumanne mwanawe anamhamishia Oyugis. Miguu imemkataa. Basi aende. Aliniibia, lakini mdomo alikuwa nao."

Usiku huo nilichukua daftari hili. Niliandika kurasa tatu hapa na kuzichana. Jumatatu asubuhi nilikuwa nikimmiminia Kwaro chai, nikaona nisiposema sasa, gari la Oyugis litaondoka na neno langu ndani. Nikasema. Nilisema haraka, nikitazama birika.

Kwaro alikisogeza kikombe pembeni.

"Uliufunga juu ya nyavu zipi?"

"Za karibu na mlango, Kwaro."

"Nilikuwa nikipita hapo."

"Ndiyo."

"Kila siku."

"Kila siku, Kwaro."

Nilingoja fimbo. Afadhali ingekuwa fimbo. Akasema, "Niletee tai." Nikaileta, nikamfunga shingoni. "Kumwita mwizi, hilo ni langu," akasema. "La utepe utalisema mwenyewe."

Mzee Ojwang' alikuwa ameketi mlangoni pake kati ya magunia yaliyofungwa kamba. Alitutazama tukija, Kwaro ameshika bega langu.

"Weita," akaita, jina la utani la Kwaro tangu siku za hoteli. "Tai siku ya Jumatatu? Nani amekufa?"

"Bado hakuna," Kwaro akajibu, akanisukuma kidogo mbele.

Mimi ni mtu ninayeogopa hata kuomba chumvi dukani. Niliongea na vidole vya miguu yangu. Nilisema dirisha, kopo, kunguru, trei.

"Huo utepe," Mzee Ojwang' akauliza, "ulizuia ndege?"

"Ndiyo, Mzee."

"Basi ulifanya kazi kuliko huyu mwenyewe." Halafu sauti ikabadilika. "Miaka minane, Weita. Mke wangu alikufa katika hiyo miaka. Ulikuja mazishi ukasimama nyuma kama mtu aliyepotea njia."

Kwaro alivua kofia. "Nisamehe, osiepna." Rafiki yangu. Sijawahi kumsikia akimwita mtu hivyo.

Mzee Ojwang' hakusema amesamehe. Ninaandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Alitazama simu mkononi mwangu. "Hiyo kitu ina chaji?"

Nikaweka wimbo wa tatu. Walisikiliza bila kutazamana. Ulipofika pale, Kwaro akainua mkono, na Mzee Ojwang' akavimbisha mashavu: "Paa-ra-ra-paa!" Lakini Bwana Kofia naye hakunyamaza. Waligongana. Wazee wote wawili wakageukia simu kwa hasira, kama wanaotazama mtoto aliyewaingilia wakubwa wakiongea. "Huyu siku hizi hana adabu," akasema Mzee Ojwang', akaanza kukohoa, na sikujua kama ni kikohozi au kicheko.

Leo ni Jumanne. Gari lilikuja asubuhi, likabeba magunia na Mzee Ojwang'. Alipunga mkono mara moja.

Sasa nina nyimbo zote za Bwana Kofia mfukoni, pamoja na zile ambazo Kwaro hakuwahi kuzisikia. Hakuna redio ya kuzila, hakuna betri za kuanika juani ili zipate nguvu tena, na ndege hawana haja nazo. Enzi zetu tulikuwa na kanda moja yenye pengo, na lile pengo lilikuwa na mwenyewe. Ningebadilishana na hiyo kanda hata sasa, nitoe simu yote. Jumapili zile mia kadhaa walizokaa mbalimbali sijui nitazilipa wapi.

Jioni Kwaro aliniomba nimwekee tena. Amevaa tai, japo si Jumapili. Wimbo wa tatu ulipofika pale akainua mkono na kuuacha hewani, akingoja. Dani alinitazama kutoka jikoni. Mimi hata kwenye kwaya naimba kwa kufungua midomo tu.

"Paa-ra," nikasema, chini kabisa.

"Sauti, Akinyi," Kwaro akasema, mkono bado juu. "Oyugis ni mbali."