Rangi Kumi na Mbili za Wageni

Mkuu wetu wa kazi alikuwa na shahada mbili na alizitundika zote juu kabisa ya ukuta, pahali ambapo huwezi kuzisoma bila kukunja shingo. Alikuja Pemba kutoka mjini Unguja kutufundisha kusafisha karafuu, sisi tuliochambua karafuu kabla hatujajua kusoma. Hadi leo sijamwona akiitambua karafuu iliyovunda bila kwanza kuutazama uso wa mtu aliye karibu naye.

Kituo chetu kiko nje kidogo ya Konde, katika banda lililokuwa la mbolea. Mashine yenyewe haina makuu. Unamimina gunia juu, karafuu kavu zinadondoka mojamoja mbele ya kamera, na kompyuta inaamua. Ikiona karafuu, inaiacha iangukie pipa jeupe. Ikiona konyo, kile kijiti kinachobaki mtu akishachambua, mrija unapuliza upepo na kukirusha pipa jekundu. Uamuzi huo hauchukui hata muda wa kupepesa jicho, na kazi yangu mimi, mwanamke pekee pale mwenye bisibisi yake, ilikuwa kuhakikisha kompyuta haichelewi. Endapo ingechelewa, niliiandikia sharti: ukikosa jibu kwa wakati, puliza. Afadhali karafuu nzima ipotee kuliko konyo liingie gunia la kuuzwa. Nilijiona mwerevu sana siku hiyo.

Sasa sikilizeni ujinga ulipoanzia. Mkuu alinunua runinga pana kama mlango ili wageni waone michoro, kisha akakataa kununua kompyuta ya pili ya kuiendesha. Ikabidi bodi moja, ndogo kama kiganja, ifanye kazi zote mbili. Tukaweka programu msimamizi inayoigawa kompyuta moja iwe mashine pepe mbili, kila moja ikidhani iko peke yake duniani. Ya kwanza inachagua karafuu. Ya pili inachora runingani: nguzo ya kijani kwa karafuu, nguzo nyekundu kwa uchafu, na ramani ya kisiwa inayozunguka bila sababu.

Tabu ni kwamba mashine pepe hizo bado zinachangia kashe, kumbukumbu ndogo ya haraka ambamo prosesa inaweka vitu inavyovitumia sasa hivi. Kashe haina adabu. Kwenye sinia kila mtu anakula mbele yake, lakini humo mwenye pupa anakula mbele ya wote. Ile ramani ya upuuzi ilikuwa inavisukuma nje vitu vya mchaguaji, yaani ile mashine pepe ya kwanza, naye anarudi kuvitafuta kwenye kumbukumbu kubwa iliyo mbali, na anachelewa. Dawa yake inajulikana. Unaigawa kashe mafungu, ambayo sisi tunayaita rangi, na kila mashine pepe inapewa rangi zake zisizoguswa na nyingine. Sisi tulikuwa na rangi kumi na sita. Nilimpa mchaguaji kumi na mbili, runinga nne. Upepo ukawa unapiga pale pale. Ramani ikawa inazunguka kwa kigugumizi, na mimi sikujali hata kidogo.

Mkuu alijali. Siku moja kabla ya wageni kuja kukitazama kituo, alisimama mbele ya runinga akiwa amekunja uso.

"Bibie, hii inaniaibisha. Geuza. Kumi na mbili ipe runinga."

"Mkuu, nimeshajaribu. Kwa rangi nne mchaguaji anachelewa. Atapuliza karafuu nzima."

"Wageni hawaangalii upepo. Wanaangalia runinga." Akacheka, akaongeza: "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Au Pemba hamna methali hiyo?"

Methali tunayo, na hata mtoto wa chuo cha Kurani hapa anajua kwamba kumpa mgeni fungu nono hakumaanishi kumtoa macho mpishi. Lakini sikumjibu hivyo. Niliketi, nikageuza namba mbili, nikaiwasha mashine upya. Ilikuwa mikono yangu, si yake.

Asubuhi walikuja na magari matatu, baadhi yao na viatu ambavyo havijawahi kuona tope. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, aliyekuja tangu alfajiri na gunia moja. Katika kijiji chetu, ukitaka kumsifu mwanamke kwa uaminifu unasema anachambua kama yeye. Watu hupeleka karafuu zao kwake azipitie kabla ya kuziuza, na hachukui zaidi ya ahsante. Hilo ndilo jina alilokuwa nalo, na hakuwa na mali nyingine ya kumshinda jirani yake.

Gunia likamiminwa. Runinga ilipendeza, siwezi kukataa. Ramani ilizunguka kama imepakwa mafuta. Na nguzo nyekundu ikapanda, ikapanda, hadi ikakaribia kuwa sawa na ya kijani.

Mgeni mmoja akauliza nyekundu maana yake nini.

"Makonyo," alisema mkuu. Aliniangalia mara moja tu, akajua na mimi nikajua. Kisha akatabasamu. "Ndiyo hali tunayopambana nayo. Wazee wetu hawa wanachanganya makonyo ili gunia lizidi uzito. Mashine haidanganyiki."

Wageni wakaandika. Nyuma, kwenye foleni, wanawake wakatazamana.

Shangazi hakupandisha sauti. "Mie sijachanganya makonyo tangu n'zaliwe," alisema. Kisha akanigeukia. "Mwanangu, mashine hino weye ndo unoijua. Waambie."

Nilikuwa na sentensi moja ya kusema, tena fupi. Badala yake nikasema, kwa Kiswahili cha ofisini, "Mashine inafanya kazi kwa mujibu wa mpangilio wake, Shangazi." Nimekutana na watu wengi wa kudharauliwa katika kazi hii, na mkuu wangu ni wa mbele kabisa, lakini sijasikia mtu akisema jambo la kudharaulika kuliko hilo.

Shangazi akafunga ushungi wake vizuri, akakunja gunia tupu, akaondoka. Wageni walipokuwa wanakunywa madafu niliambiwa nisafishe. Nikalibeba pipa jekundu hadi nyuma ya banda, nikalimwaga kwenye lundo la makonyo ya watu wote. Zilikuwa karafuu. Nzuri, zenye vichwa vyake, pipa karibu lote. Nikachukua sepetu nikazichanganya na lundo mpaka zisijulikane.

Jioni ile nilirudisha rangi zote kumi na mbili kwa mchaguaji. Mkuu hakuuliza, kwa kuwa hakukuwa na mgeni mwingine wa kutazama. Nilijiambia kwamba nimetengeneza. Ndivyo mafundi tunavyojidanganya: kasoro ikiondoka kwenye bodi, tunadhani imeondoka duniani.

Msimu uliofuata shangazi alirudi, maana hakuna kituo kingine karibu. Foleni ilikuwa ndefu. Aliketi mwisho, na wanawake waliokuwa karibu naye walivuta magunia yao pembeni taratibu. Alinisalimia "Asalaam alaykum, Injinia," kama mtu asiyemjua mamangu.

Gunia lake likapita. Nguzo nyekundu haikuinuka hata upana wa kidole, na kila mtu aliiona. Niligeuka kuwatazama wenzake, nikitaraji aibu iwapate. Mmoja wao, mwanamke mwema ninayemheshimu, alitikisa kichwa kwa kuridhika na kumwambia jirani yake:

"Umeona? Ile siku ilimfaa. Ameshakoma."