Tuba la Mzee Gwakisa, Maelewano Yapo

Inatangazwa kwa wananchi wote wa Nyanda za Juu Kusini, wenye mapafu mazima na wenye vifua vibovu, waliookoka na wanaoendelea kufikiria, kwamba tuba moja la shaba, baba wa tarumbeta zote, kazi ya Mjerumani, lililokufa likaingizwa kwenye chuma chakavu na kufufuliwa kwa mikono ya Mzee Gwakisa wa Uyole, linauzwa. Halivuji. Halina kutu. Likipigwa asubuhi, ng'ombe wa jirani huacha kucheua ili wasikilize. Bei ni nafuu, na hata hiyo nafuu ina maelewano. Wasiosikia waje wapuliziwe sikioni.

Tangazo hili limetolewa kwa sababu mke wa Mzee Gwakisa yuko Mafinga.

Niwaeleze. Gwakisa ni fundi wa rejeta za magari. Kibanda chake kiko kando ya barabara kuu, pale malori yanapofika yakifuka mvuke kama chungu cha makande. Rejeta ikiletwa, huziba mdomo mmoja, hupuliza hewa kwenye mdomo wa pili, huizamisha kwenye pipa la maji, kisha huinama kimya kutazama mapovu yatatokea wapi. Amekula na kusomesha kwa mapovu. Lakini ujanani, kabla maisha hayajamzamisha na yeye kwenye pipa, alikuwa mpiga besi katika tarumbeta za kanisani. Besi ndilo jina ambalo wapigaji wenyewe huliita tuba, na mtu aliyewahi kupiga besi haponi. Tunaye mmoja hapa mtaani, tunajua.

Siku moja jamaa wa chuma chakavu alipita na mkokoteni. Juu ya springi na vipande vya gari kulikuwa na tuba limekunjamana kama shati lililolaliwa na mlevi. Linapelekwa kupimwa kwa kilo. Gwakisa alikuwa njiani kwenda Mwanjelwa kwenye duka la Rasik, mfukoni ana hela za kununua bati za kuezekea jiko. Hela zenyewe ni za viazi vya mkewe, Esnath, msimu mzima wa mgongo wake. Alitumwa bati, akarudi na tuba. Alipoulizwa alisema yote mawili si ni madini.

Chenji iliyobaki ikaishia kwenye gesi, lehemu na springi za vali. Alilinyoosha, akaliziba, akalizamisha kwenye pipa lilelile la rejeta na kutazama mapovu, akaliziba tena. Akalisugua kwa majivu na ndimu mpaka unaweza kunyolea ndevu mbele yake. Na kwa kuwa wezi wa chuma hawalali, tuba likahamishiwa chumbani. Kitanda chao si kikubwa.

Esnath alipika masika yote chini ya mwavuli. Siku mwavuli uliposhika moto, aliepua ugali, akamwekea mumewe mezani, akafunga begi akaenda kwa dada yake Mafinga.

"Siku bati zikipanda, na mimi napanda gari," alisema mlangoni. "Kabla ya hapo usinipigie simu. Labda uwe umekufa."

Hapo ndipo tuba likaanza kuuzwa, na kwa bei ambayo ingemwaibisha hata yule wa mkokoteni. Gwakisa alianza na Rasik mwenyewe, ili hela isizunguke. Alilipandisha tuba juu ya kaunta, katikati ya misumari na makopo ya rangi.

Rasik alilitazama upande huu, akalitazama upande ule. "Gwakisa, rafiki yangu. Mimi nauza bati. Bati inakaa juu, watu wanakaa chini, wanafurahi. Hii itakaa wapi?"

"Nipe bati tu, tubadilishane. Tuba hili lina thamani."

"Kama ina thamani, mbona bei yako iko chini hivyo? Kitu kubwa, bei ndogo, mtu anaogopa. Anauliza, kanisa gani imeibiwa?"

"Basi nipandishe?"

"Ukipandisha hatanunua. Chukua chai."

Akanywa chai, akarudi na tuba lake. Wiki chache baadaye ndipo simu ilipotoka Iringa. Aliyepiga ni Philbert, kiongozi wa tarumbeta katika usharika mmoja wa Kilutheri pembeni mwa mji, aliyesikia habari za tuba na bei yake kwa madereva wa malori. Besi lao lilikuwa limepasuka, tarumbeta zao sasa zinalia juu kwa juu kama vifaranga vilivyopotelewa na mama.

"Bei hiyo tunaiweza, kaka," alisema Philbert. "Njoo nalo Jumapili. Vijana walipige, ukirudi unarudi na hela."

Gwakisa akavunja amri, akampigia Esnath ingawa hakuwa amekufa.

"Jumapili jioni napita hapo na lori la Obeid. Nitakuwa na hela ya bati mfukoni. Kaa barabarani na begi lako."

"Na kwa Rasik ulikwenda na hela ya bati mfukoni hivyohivyo."

"Ile ilikuwa dukani, mama. Hii ni kanisani."

"Haya. Nitasimama. Lakini nikiliona hilo dude lako, nageuza."

Obeid ni dereva wa malori marefu ambaye rejeta yake imeshafufuliwa Uyole mara nyingi kuliko anavyopenda kukumbuka. Alimteremsha Gwakisa Iringa, akaenda kupakia saruji. Gwakisa akafika kanisani ibada imeshaanza, jasho linamtoka, tuba begani kama mtu aliyebeba nyoka aliyemeza ndama. Mhudumu wa mlangoni alimpokea kwa mikono miwili.

"Kamwene, baba! Mungu akubariki. Peleka mbele kule, zikae pamoja."

Zikae pamoja na nini, Gwakisa hakuuliza. Alijua ni pamoja na tarumbeta nyingine. Akapita katikati ya kanisa, watu wanageuza shingo, akaona mwenyewe kwamba mbele ni pazuri, kila mnunuzi ataliona. Akalilaza palipokuwa na nafasi, katikati ya magunia ya mahindi, maboga, trei za mayai na jogoo aliyefungwa miguu. Akaenda kukaa. Ndipo akasoma kitambaa kilichotundikwa madhabahuni: Sikukuu ya Mavuno.

Mtu wa dini nyingine angeweza kusimama akauliza. Gwakisa amezaliwa kanisani, ameinunua miwa mingi ya Bwana, anajua kabisa kwamba kilicholazwa mbele siku ya mavuno ni cha Mungu, baada ya ibada kinanadiwa, na hela inaingia kapuni. Pia anajua mtu hainuki kanisani, ugenini, mbele ya akina mama wa vitenge vya sare, kwenda kumnyang'anya Mungu tuba. Akabaki ameketi. Mahubiri yalihusu kutoa kwa moyo wa kupenda.

Baada ya ibada, mzee wa kanisa aliyekuwa mnadi aliuza mahindi, akauza jogoo, akafika kwenye tuba akasimama.

"Na hiki tena, jamani? Aliyelima hiki, shamba lake liko wapi?"

Kanisa zima likacheka. Mtu akataja bei ya kuku. Mwingine akaongeza kuku wa pili. Gwakisa akaona sasa hapana, akanyoosha mkono ili aseme neno.

"Heee! Mgeni wa Philbert anapandisha la kwake mwenyewe!" mnadi akapaza sauti. "Ametoa, na bado anataka kulinunua! Wana Iringa, mnaiona imani ya Mbeya?"

Makofi. Mkono ukashuka polepole, ukaenda kujificha chini ya paja.

Hapo akasimama Mama Pendo, mfanyabiashara wa parachichi, mwenye kilemba ambacho kimewafanya waliokaa nyuma yake wasimwone mchungaji tangu mwaka jana. Akataja bei ya kuwanyamazisha wote. Ilikuwa, kusema kweli, bei nzuri, zaidi ya ile ya Philbert. Akaitumbukiza kapuni noti kwa noti.

"Nimelinunua!" akasema. "Na kwa sababu mgeni wetu amesafiri nalo kutoka Mbeya, namzawadia yeye mwenyewe!"

Vigelegele vilipanda mpaka kwenye kenchi za paa. Akina mama wakamtoa Gwakisa kwenye benchi kwa kucheza, wakamvisha tuba shingoni. Mchungaji akaweka mkono juu ya shaba, akaomba kwamba chombo hiki kisitoke katika nyumba ya mtumishi huyu siku zote za maisha yake. Gwakisa, kwa mazoea ya miaka mingi, akaitikia amina kwa sauti ya besi.

Nje alimkamata Philbert kwenye kona ya kanisa.

"Kaka, Bwana amekutendea!" Philbert akamkumbatia, tuba katikati yao.

"Philbert, mimi nilikuja kuuza."

"Kuuza? Si nimekuona unalipeleka mbele? Nikasema, Roho amemgusa njiani."

"Basi linunueni sasa."

"Sasa itakuwaje? Mama Pendo yule pale anatuangalia. Tununue zawadi yake? Na mchungaji ameshaomba, umeitikia mwenyewe, sote tumesikia."

"Na besi lenu bovu?"

"Tunamwachia Mungu."

Wakampa bakuli la pilau na boga.

Obeid alipomwona barabarani alishusha kioo. "Mzee, mbona mnarudi wawili?"

Nyuma kulikuwa na saruji na turubai limeshafungwa, na wingu limeshuka. Tuba likapanda mbele, likakaa kwenye kiti cha abiria kama mkuu wa wilaya, Gwakisa akabanana nalo mlangoni. Kuanzia hapo mpaka Mafinga mvua ilikuwa inapiga kioo.

Esnath alikuwa amesimama kweli. Chini ya upenu wa banda la mbao, begi miguuni, amevaa kitenge kipya na viatu vya kutokea. Obeid akasimamisha lori. Gwakisa akafungua mlango, na mdomo wa tuba ukatangulia kutoka.

"Wamelikataa," alisema Esnath.

"Hapana. Wamelipenda sana."

"Hela iko wapi?"

"Kapuni."

"Kapuni kwa nani?"

"Kwa Mungu. Halafu wamenizawadia."

"Wamekuzawadia nini?"

Gwakisa akalionyesha kwa kidevu. Obeid akageukia dirisha lake, mabega yakimtikisika.

"Wamekuzawadia cha kwako."

"Na wameliombea, mama."

Esnath alikitazama kile kiti muda mrefu. "Na mimi nikae wapi?"

"Nitalipakata."

"Basi panda, shemeji," Obeid akasema. "Tutabanana, mvua hiyo inakuja yote."

Lori lilifika Uyole giza linaingia. Mimi ndiye niliyekwenda kusaidia kuteremsha, na pale kibandani, karibu na pipa, nikasimuliwa habari ya kanisani yote. Nikaona mtu wa namna hii hawezi kuachwa bila neno. Nikamwambia: Mzee Gwakisa, wengine wanauza vitu vyao wanasahauliwa, wewe chombo chako kimenunuliwa mbele ya kanisa zima, kimepigiwa vigelegele, kimewekewa mkono, kimerudi nyumbani na baraka na boga juu yake. Muziki wa nyanda hizi umepata mlinzi wake. Unajisikiaje?

Akaliegemeza tuba ukutani, akakung'uta mikono.

"Hakupanda," alisema.