Biriani Ibebe Maharage

Jumamosi, katika mgahawa mdogo wa mtaa wa Mayfair, huku ugenini, nilimkuta mwenye mgahawa, mama wa Tanga, amesimama mbele ya ubao wa bei na chaki mkononi. Mumewe alitaka maharage yapande, maana ndiyo yanayouzwa zaidi.

"Gesi imepanda, mafuta yamepanda," alisema.

"Wanaokula maharage hawana chakula cha bei ya chini zaidi cha kushukia," mama akajibu. "Tupandishe biriani, ibebe maharage."

Akafuta bei ya biriani, akaandika mpya, akashusha pumzi.

Akaingia mlinzi mmoja Mkongo, mteja wa siku zote. Akautazama ubao, akajishika kiuno.

"Eish, mama! Biriani imepanda tena?"

"Imepanda, baba."

"Basi unipe maharage."

Waliofuata nao wakasoma, wakaguna, wakaagiza maharage. Mume alifunika sufuria ya biriani, akakaa.

Mama alipofika kwangu aliuliza kwa sauti ya kuchoka, "Na wewe, mwanangu?"

Nilikuwa nimetoka mtaa wa Bertrams, upande wa pili wa jiji, kwa ajili ya biriani. Nikasema maharage.

Yule mama alipanga bei kwa huruma. Sisi tulichagua kwa mifuko yetu, na huruma yake ikabaki sufuriani, inapoa.