Bunduki Niliyoichagua Shiling

Baba alipopata presha ya macho, daktari alimwambia wazi kwamba kilichokwisha potea hakitarudi. Alikuwa bwana misitu mstaafu huko Mufindi, na kwa zaidi ya miaka ishirini alikuwa akikata leseni kila msimu na kuwinda mbawala kwenye kingo za misitu. Bunduki yake aliiuza mwaka uleule kwa mzee mwenzake. Hakuniambia. Nilisikia kwa mama.

Mimi nilikuwa Guangzhou, China, kwa mwaka wa tatu, nikinunua mikoba ya kike Shiling, mji wa ngozi kando ya jiji, na kuisafirisha kwenda kwenye duka langu Kariakoo. Baba alinipigia simu siku moja asubuhi, jambo ambalo si kawaida yake, kwa sababu siku zote mimi ndiye niliyekuwa nikipiga.

"Msimu ujao utakuwa nyumbani?" aliuliza.

"Nitakuwepo."

"Basi omba kibali cha silaha, ununue bunduki yako. Wewe utapiga, mimi nitakuongoza. Nataka tuwinde mbawala mara moja tena."

Nilikubali jinsi mtu anavyokubali mambo ya simu, nikidhani atasahau. Hakusahau. Wiki mbili baadaye alikuwa amekwisha zungumza na mwenye duka la silaha Dar es Salaam, mtu waliyefahamiana tangu ujana. Mwenye duka alikuwa na bunduki mbili zilizotumika na angeziweka pembeni hadi mwisho wa mwezi. Moja ilikuwa ndefu na nzito, ya risasi nene, inayoweza kumwangusha hata pofu, yule swala mkubwa kama ng'ombe. Nyingine ilikuwa fupi na nyepesi, mtutu wake ukiishia kama shibiri moja kabla ya ile ya kwanza. Baba hakuficha kwamba anataka ndefu. Ilikuwa aina ileile aliyoiuza.

Nilikuwa nimeshika bunduki ya kuwindia mara moja tu maishani, nikiwa na miaka kumi na minne. Baba aliniweka nyuma ya kichuguu, akanielekeza kwenye kopo la rangi, nikafyatua. Bunduki ilinipiga teke, darubini ikanipasua nyusi. Kovu lipo hadi leo, jembamba, halionekani nikipaka wanja.

China hakuna mahali ambapo mgeni anaweza kuingia dukani akajaribu bunduki ya kuwindia. Ningechagua kwa kusikia tu, kama si karakana moja ya Shiling. Ilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la zipu na vifungo, na ndiyo iliyonishonea mikoba. Kando ya mikoba walishona pia mifuko ya ngozi ya kubebea bunduki, kwa wateja wa nchi za baridi. Nilikuwa nimeiona ile mifuko imening'inia pale kwa miaka miwili bila kuuliza chochote. Ili kuipima, laoban, yaani bosi mwenyewe, mwanamke wa makamo aliyetoka mkoa wa Hunan, alikuwa na bunduki za mbao za urefu mbalimbali. Ndani alizitia vyuma ziwe na uzito wa bunduki za kweli, maana mkanda wa mfuko lazima ujaribiwe na mzigo.

Jirani yangu pale Xiaobei, mtaa niliokaa, alikuwa Mtanzania mwenzangu, mtu wa Tanga, aliyekuja kwa ufadhili kusomea shahada ya uzamivu. Kabla ya hapo alikuwa afisa wanyamapori kwa miaka kumi. Jumapili alikuja kwangu kunywa chai ya tangawizi, nami nilimwita kaka. Nilimweleza habari za bunduki mbili nikamuuliza ipi ni nzuri.

"Nzuri kwa nani, dada?" akasema.

Jumamosi iliyofuata tulipanda basi kwenda Shiling pamoja. Njia nzima kulikuwa na majengo yaliyozungushiwa majukwaa ya mianzi, mengine mwezi uliotangulia hayakuwa yamefika hata nusu. Kaka alilala. Mimi nilikuwa nimeandika vipimo alivyonisomea mwenye duka kwa simu: urefu, uzito, na umbali kutoka kwenye triga hadi mwisho wa kitako.

Laoban aliisoma karatasi yangu, akaingia stoo, akatoka na bunduki mbili za mbao ambazo vipimo vyake vilikaribiana na vyangu kabisa. Aliziweka juu ya meza ya kukatia ngozi. Wasichana waliokuwa wakishona walisimamisha cherehani wakatutazama.

Kaka alianza na ndefu. Alinisimamisha mbele ya ukuta uliokuwa na kalenda.

"Itazame hiyo kalenda. Sasa fumba macho. Inua bunduki uiweke begani kama unavyoona wewe. Usifungue mpaka nikuambie."

Nilifanya hivyo. Nilipofungua macho, nilikuwa naelekeza kwenye dirisha, na shavu langu lilikuwa limekaa mbali sana nyuma, nikinyoosha shingo kama ninayechungulia juu ya ua. Tulirudia mara tatu. Kila mara mtutu ulikwenda upande wake.

"Sasa ishike hivyohivyo," akasema, akaanza kunisimulia habari za mwalimu wake. Kabla hajamaliza, ncha ya ule mtutu wa mbao ilikuwa inachora miduara hewani. Mkono wa kushoto uliniwaka moto. Msichana mmoja akacheka, laoban akamkaripia, kisha naye akacheka.

"Mbawala hatokei tu ukampiga," kaka alisema. "Anasimama nyuma ya majani, unaona sikio tu. Unamsubiri ageuke. Unaweza kumsubiri muda kama huo, na zaidi."

Fupi ilikuwa jambo jingine. Nilifumba macho, nikainua, nikafungua, na mbele yangu palikuwa na kalenda. Nikarudia. Kalenda. Nikafumba tena. Kaka akanipa ile ndefu bila kuniambia, nami mwili wangu ukaikataa kabla sijafikiri.

Nilikuwa nimeinua fupi kwa mara ya nne mlango ulipofunguliwa. Alikuwa mlinzi wa jengo, rungu mkononi, amepanda mbio ngazi zote zile. Mtu wa jengo la pili alikuwa ameona dirishani Waafrika wawili na bunduki. Nilibaki vilevile, mbao begani, nikiogopa kuishusha na kuogopa kuishikilia. Laoban alikuja taratibu, akaichukua mikononi mwangu, akachomoa pini moja chini ya kitako. Bunduki ikagawanyika vipande viwili na nondo ikaanguka sakafuni. Mlinzi aliiokota, akaipima uzito kiganjani, akamrudishia. Alisema pazia lifungwe. Wasichana wakawasha cherehani.

Nilimwambia laoban anikatie mfuko wa ile fupi. Aliniuliza ngozi ya rangi gani, nikasema kahawia, akaandika.

Jioni ile nilikwenda kwenye kibanda cha simu mtaa wa Dengfeng. Vibanda vilitenganishwa kwa ubao mwembamba, na upande wa pili Mkongomani alikuwa akimfokea mtu kwa Kifaransa.

"Nimechagua ile fupi, baba," nilisema.

"Hiyo ya kupigia kanga."

"Inaua mbawala kwa hatua mia. Kuna kaka hapa, alikuwa afisa wanyamapori, amenihakikishia."

"Huyo kaka yako amepiga mbawala wangapi?"

"Sijamuuliza. Nimezishika zote mbili, za mfano. Ndefu inanizidi mkono."

"Utaizoea. Mimi niliizoea."

"Baba, yako ilinipasua nyusi."

"Nakumbuka. Nilimwambia mama yako umeanguka."

Mkongomani alimaliza simu yake na kibanda kikawa kimya ghafla. Nilimsikia baba akihema.

"Nilitaka niishike," akasema. "Ile ndefu naijua yote kwa mikono. Nikiishika sihitaji kuiona."

Nilifikiri kumwambia basi, nitanunua ndefu, na nusura niseme. Lakini niliuona ule mtutu ukichora miduara, nikaona mnyama aliyejeruhiwa akiingia msituni, na baba asiyeona akinisubiri niseme kilichotokea.

"Nachukua fupi, baba."

"Haya," akasema. "Ni wewe utakayepiga." Akampa mama simu.

Nililipia bunduki kabla mwezi haujaisha, ikabaki dukani, kisha nikaenda nyumbani kuomba kibali cha polisi, nacho kilichukua miezi. Nilirudi mara mbili Guangzhou kabla hakijatoka. Msimu ulipofunguliwa niliichukua bunduki Dar es Salaam, nikaenda kulenga shabaha mpaka bega likazoea, kisha nikapanda kwenda Mufindi. Tulikwenda msituni watu watatu: mimi, baba, na askari wa wanyamapori aliyepangiwa kutusindikiza. Baba alitembea nyuma yangu ameshika mkanda wa suruali yangu kwa mkono mmoja na fimbo kwa mwingine.

Siku ya kwanza tulimwona jike tu, na leseni ilikuwa ya dume. Siku ya pili ukungu ulikuwa mzito na nilitaka turudi. Baba akanivuta mkanda nisimame.

"Anabweka," alinong'ona.

Mimi sikusikia kitu. Askari naye hakusikia. Baba aliinyoosha fimbo kuelekea bondeni na tukakaa chini. Baada ya muda nikausikia ule mlio, kama mbwa mwenye mafua, kisha dume akatoka kwenye magugu, shingo yake nyeusi kwa umande. Alisimama nyuma ya kichaka. Nilimsubiri. Miguu ilikufa ganzi na bado mtutu ulikuwa umetulia. Alipogeuza ubavu nilifyatua. Alikimbia hatua chache, akaanguka.

"Amelala?" baba aliuliza.

"Amelala."

Askari alimgusa jicho kwa kijiti kuhakikisha. Nilimwongoza baba, akapiga magoti. Alianza kwenye pembe, akazipima kwa vidole, akashuka shingoni, begani, mpaka akalipata tundu la risasi. Akaweka kidole hapo na kukaa nacho.

"Juu kidogo," akasema. "Lakini inatosha."

Tulifika nyumbani kabla ya adhuhuri. Mama alichoma ini kwenye makaa, kwa chumvi tu, akamwekea baba sahani mapajani. Alikula akipapasa kila kipande kabla ya kukitia mdomoni. Alipomaliza aliuliza kama lipo jingine. Mama akamwambia mbawala ana ini moja, naye akasema anajua, alikuwa anauliza tu.