Kerezo la Umeme na Kikoi Changu

Wasomaji, nawasimulieni aibu yangu, huenda ikapungua. Kerezo la mguu, ile mashine ya kuzungushia mti ili kuuchonga, nimelizoea: ukiinua mguu, linasimama. Juzi karakana yetu ililetewa la umeme, nami nikamkaribisha Bi Zuhura, mama wa msichana ninayetaka kumposa, aje aone ninavyomkerezea bakuli.

"Haya baba, nionyeshe," akasema.

Nikawasha. Maranda yakaruka, nami nnaota harusi. Mara ncha ya kikoi changu ikanaswa. Haraka nikainua mguu. Wapi! Kerezo likazidi kuvuta. Nikauinua juu zaidi, nikaanguka chali, kikoi kikaenda zake kikizunguka.

Fundi mkuu alipozima mashine, nilikuwa nimebaki na fulana tu. Bi Zuhura akageukia ukutani.

"Baba," akasema, "mimi nimekuja kutazama bakuli tu."